Utingo Alikuwa Jicho la Kushoto

Hotuba ya fundi wa magari makubwa mbele ya viongozi, wenye malori, madereva na waendesha baiskeli, Dar es Salaam

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa mliokaa meza kuu, wazee wangu, ndugu zangu madereva na wenye malori, na ninyi wenzangu ambao baiskeli zenu nimeziona zimeegemezwa ukutani pale nje. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Mimi ni fundi wa magari makubwa. Kabla sijashika spana nilikuwa utingo kwa miaka tisa. Wengi mnamjua utingo kama kijana wa kufunga turubai, wa kuweka gogo nyuma ya tairi lori likisimama mlimani, wa kulala chini ya tela akilinda mzigo wa watu. Ni kweli, hizo zote nimezifanya. Lakini kazi yangu kubwa tukiingia mjini ilikuwa nyingine. Tukishapita Kibaha nilikuwa nahamia dirisha la kushoto, nusu ya kiwiliwili nje, kiganja kwenye bati la mlango. Nikipiga mara moja, maana yake endelea. Nikipiga mara mbili haraka haraka, maana yake simama, kuna mtu. Dereva wangu alikuwa mzee, ananizidi umri mara mbili, na kwa mambo mengine alinifokea sana. Lakini kwa mapigo yale mawili hakuwahi kuniuliza ni mtu gani wala yuko wapi. Alikanyaga breki kwanza. Maswali yalikuja baadaye.

Siku moja tulikuwa na mbao kutoka Mafinga, tunazipeleka Mwenge. Tumefika Ubungo, enzi hizo bado ni mataa, dereva anakata kushoto. Nikamwona mtu wa mkaa, magunia mawili nyuma ya baiskeli, amejipenyeza kati yetu na ukingo wa barabara. Nikapiga mara mbili. Lori likasimama. Gurudumu la mbele la baiskeli lilikuwa limeshaingia chini ya tela. Yule bwana akaivuta baiskeli yake nyuma, akatazama juu, akaniambia, "Asante, mdogo wangu," akaendelea na safari ya mkaa wake. Hakuna aliyeandika habari hiyo gazetini, maana hapakuwa na maiti.

Nimewasimulia haya kwa sababu malori mengi ninayoyapokea gereji siku hizi yanaletwa na dereva peke yake. Kiti cha kushoto kina begi na chupa ya maji. Simlaumu mwenye lori kwa kupunguza mtu. Mafuta yamepanda, vipuri vimepanda, na utingo naye anakula na analala. Ila lori lile lilikuwa na macho manne, sasa lina mawili, na urefu wake ni ule ule. Jicho la kushoto limeondolewa, na mahali pake hapajawekwa kitu. Ombi langu leo ni kwamba nchi yetu iandike kwenye sheria kitu cha kuliziba pengo hilo.

Mtaani kwetu alikuwepo muuza madafu. Wengi wenu mnawajua watu hawa: Phoenix nyeusi, madafu yamepangwa pembeni na nyuma mpaka baiskeli haionekani, panga limechomekwa katikati. Kila asubuhi alipita mbele ya gereji yetu, na vijana wangu walikuwa wateja wake. Miaka michache iliyopita lori lilimgonga kwenye kona, likielekea kushoto, naye akienda moja kwa moja. Nilifika pale kabla mwili haujaondolewa. Dereva alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, anarudia neno moja: "Sikumwona. Sikumwona." Watu walitaka kumpiga. Wengine walisema anajitetea.

Mimi niliamini. Jioni ile nilirudi gereji, kulikuwa na lori la aina ile ile limekuja kubadilishwa klachi. Nikapanda nikakaa kwenye kiti cha dereva. Nikamwambia kijana wangu achukue baiskeli, asimame ubavuni kushoto, kisha asogee polepole kutoka nyuma ya tela hadi mbele ya bampa, na kila nikisema sikuoni, mwenzake achore chini kwa chaki. Tulipomaliza nikashuka kutazama. Palikuwa pamechorwa kitu kama kivuli cha lori, kimeanzia usawa wa mlango wa kushoto, kinazunguka kona ya mbele na kupita chini ya kioo kikubwa. Ndani ya ile chaki niliwasimamisha vijana wangu wote wanne pamoja na baiskeli. Nikapanda tena. Nikaangalia kioo, nikaangalia dirisha. Sikumwona hata mmoja.

Ndugu zangu madereva, najua mnalijua jambo hili kuliko mimi. Nalisema kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kukaa juu kule. Dereva wa lori anakaa juu sana, usukani uko kulia, na mlango wa kushoto uko mbali naye na ni wa bati. Mwendesha baiskeli, kwa sheria na kwa hofu, anakaa kushoto kabisa. Kwa hiyo tumempanga barabarani mahali pale pale ambapo mwenye lori haoni.

Halafu ikaja kona. Semi haikati kona kama gari dogo. Kichwa kinapita njia yake, tela linapita njia fupi zaidi, linabana ndani. Dereva mzuri analijua hilo, kwa hiyo kabla ya kukata kushoto anajitanua kwanza kulia. Anayetoka nyuma na baiskeli anaona nafasi imefunguka, anadhani amepishwa. Anaingia. Kichwa kinageuka, tela linafunga mlango, na mtu yuko katikati. Hapo hakuna mlevi wala mwendokasi. Mara nyingi lori linatembea polepole kuliko mtu anayekimbia. Anayekufa hapo hauawi na kugongwa. Anaangushwa, kisha tairi la nyuma linampitia.

Hili la tairi la nyuma nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu dawa yake ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayonitia uchungu. Tazameni tela lolote likipita: kati ya tairi za kichwa na tairi za nyuma kuna uwazi ambao mtu anaingia akiwa ameinama kidogo tu. Umoja wa Mataifa una kanuni ya kiufundi inayohusu uwazi huo, Kanuni namba 73. Inataka kuwe na kizuizi ubavuni, reli au bati, ambalo ukingo wake wa chini hauzidi milimita 550 kutoka ardhini. Karibu na usawa wa goti langu. Mtu akisukumwa anadunda kwenye reli, anaanguka nje. Atavunjika mkono, pengine. Atarudi nyumbani.

Reli ile haihitaji umeme, kompyuta wala mtaalamu kutoka nje. Nimezitengeneza mbili kwa mkono wangu na fundi wa kuchomelea wa jirani, kila moja ilituchukua siku mbili. Na nitawaambia jambo jingine. Malori yaliyotumika Ulaya mengi hufika hapa yakiwa nazo. Nimeona kwa macho yangu zikikatwa kwa gesi, ati zinazuia kuweka tangi la ziada la mafuta, au zinagusa kwenye barabara mbovu za machimbo. Chuma kile kinauzwa kwa kilo. Tunanunua gari lenye kinga ya mtu, halafu tunaiuza kinga kama skrepa, na sijaona kifungu kinachomshika mkono yule mwenye kukata. Hicho ni kitu cha kwanza ninachokiomba kwa Bunge.

Kuna watakaosema hizi ni sheria za wenzetu wenye magari mapya. Nimelisikia sana, hasa kutoka kwa wafanyabiashara, na nalijibu kwa mfano wa London, kwa kuwa London hawakungoja magari mapya. Septemba 2015 mji ule ulianza kulazimisha lori lolote linaloingia liwe na vizuizi vya ubavuni na vioo viwili vya ziada: kimoja kidogo cha mbinuko juu ya mlango wa abiria kinachotazama chini, kingine juu ya kioo cha mbele kinachoonyesha pale kwenye bampa. Lori jipya, lori kuukuu, la Mwingereza au la mgeni aliyevuka bahari, lilitakiwa liwe navyo. Baadaye wakaenda mbali zaidi. Wakapima kila lori linalozidi tani 12 kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, kufuatana na kiasi anachokiona dereva kwa macho yake mwenyewe bila kioo. Kuanzia Machi 2021 lori la nyota sifuri halikuruhusiwa kuingia bila kuongezewa vifaa. Oktoba 2024 kiwango kikapandishwa hadi nyota tatu. Aliye chini ya hapo afunge kamera na sensa, yaani vihisi, zinazotofautisha mtu na nguzo.

Mamlaka ya usafiri ya mji ule inahesabu vifo ambavyo dereva kutoona kulichangia. Mwaka 2018 ajali za namna hiyo zilikuwa 12. Mwaka 2023 zilikuwa 6. Mtu anaweza kusema sita ni wachache katika mji wa mamilioni. Mimi nilimjua mmoja tu, wa madafu, na nafasi yake pale mbele ya gereji iko wazi mpaka leo.

Umoja wa Ulaya nao umeliweka hili kwa magari mapya. Tangu Julai 2024 kila lori jipya na basi jipya linalosajiliwa kule lazima liwe na kifaa kinachomwonya dereva kwamba kuna baiskeli ubavuni, na kingine kinachomwonya anapoondoka kwamba kuna mtu mbele ya bampa. Kifaa cha baiskeli kina kanuni yake Umoja wa Mataifa, namba 151. Nimeisoma kwa shida, lakini nimeisoma, na kilichonigusa ni kwamba waliokaa kuiandika walifikiria baiskeli ya mtu wa kawaida: inayotembea kati ya kilomita 5 na 20 kwa saa. Huo ndio mwendo wa mtu wa mkaa. Huo ndio mwendo wa mama anayetoka shamba na mtoto nyuma. Kuna chumba cha mkutano Geneva ambamo watu wameupima mwendo wetu na kuutungia kanuni, na sisi wenyewe wenye baiskeli bado hatujaiomba.

Sasa magari madogo, maana msije mkadhani nayaonea malori. Sehemu kubwa ya magari yetu yanatoka Japani yakiwa yametumika. Huko Japani, tangu Novemba 2021, modeli mpya za magari madogo ya abiria lazima ziwe na breki inayojifunga yenyewe gari likikaribia kugonga. Magari hayo yameshaanza kufika bandarini na yatazidi kufika. Ni bahati ambayo hatukuitafuta. Lakini je, ikifika hapa itabaki nzima? Jicho la breki ile mara nyingi ni kamera ndogo iliyo nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Kioo kikipasuka kwa jiwe, tunabandika kingine, mteja anaondoka. Kamera imesogea kidogo tu, haioni tena inapotakiwa kuona, na inahitaji kupimwa upya kwa mashine. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Mteja anarudi: "Fundi, nizimie hii taa, inanikera." Nimeombwa hivyo mara nyingi. Zamani nilikuwa nazima, nasema wazi mbele yenu, kwa kuwa sikujua ninachokizima. Tangu siku ya chaki nimekataa, na wapo wateja walionihama.

Ndiyo maana naomba sheria, badala ya kuomba huruma ya fundi. Fundi mmoja akikataa, gereji ya pili iko mita hamsini. Ukaguzi wa magari yaliyotumika upo chini ya TBS, Shirika la Viwango, na askari wa usalama barabarani nao wanakagua. Nyumba ipo, nguzo zipo. Kinachotakiwa ni kuongeza kwenye orodha ya ukaguzi mambo ambayo leo hayajapewa uzito: mkaguzi apande kiti cha dereva atazame kinachoonekana; kizuizi cha ubavuni kiwe kama taa ya breki, pasipo nacho gari halipiti; na kifaa cha usalama ambacho gari lilizaliwa nacho kisiondolewe wala kuzimwa, aliyezima na aliyezimiwa wote wajibu. Na kwenye maandishi naomba wanasheria waangalie neno moja. Wasiandike "kushoto". Yapo malori yenye usukani kushoto yanayokuja kubeba mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi, na upofu wa hayo uko kulia. Waandike "upande ulio mbali na dereva".

Tutaambiwa sheria kama hizi Afrika hazishiki. Nani asiyekumbuka Kenya mwaka 2004? Waziri John Michuki alisema kila matatu iwe na mikanda na kidhibiti mwendo. Magari yakagoma, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, wakasema huyu mzee hatafika popote. Matatu zilifunga mikanda. Baadaye usimamizi ulilegea na mengi yakarudi nyuma, hilo nalo ni kweli na tusilifiche, maana linatufundisha kwamba kazi haiishi siku ya kutangaza. Hapa kwetu mabasi ya mikoani yana kifaa cha LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini: dereva akizidisha mwendo kinalia ndani ya basi, na taarifa inafika kwenye kituo cha ufuatiliaji. Kuna abiria waliofika Mwanza na Mbeya wakiwa hai kwa sababu ya mlio ule. Kwa hiyo tunaweza. Tumeshafanya kwa abiria aliyelipa nauli. Sasa tufanye kwa asiye na tiketi.

Gharama nimeifikiria, kwa sababu wateja wangu ndio watakaoilipa. Vile vioo viwili vya mbinuko, bei yake haifiki tairi moja jipya la lori. Kizuizi kinahitaji chuma na siku mbili za fundi. Kamera na sensa ni ghali, nakubali, na hapo naomba Serikali ifanye mambo mawili: iondoe kodi kwenye vifaa hivyo, na itoe muda, malori yapewe miaka michache ya kujipanga, kuanzia yanayoingia katikati ya miji. Na kwa mwenye lori ambaye hawezi kabisa, nina pendekezo ambalo najua wengine watalishangaa: amrudishe utingo. Lori lisilo na vioo wala kamera lisikatishe mjini bila mtu wa pili kwenye kiti cha kushoto. Iandikwe hivyo. Kijana atapata kazi, na mwendesha baiskeli atapata jicho.

Nimesikia pia, na leo asubuhi nimesikia tena hapa hapa, kwamba tatizo ni waendesha baiskeli wenyewe. Hawana taa, hawana kofia, hawajui sheria. Wenzangu, tuvae vya kuakisi mwanga, tufunge taa, na tela likijitanua kulia tusiingie kushoto kwake kamwe. Mwambieni kila mtoto nyumbani. Lakini yule wa madafu aligongwa saa mbili asubuhi, jua limeshatoka. Angevaa kofia ya chuma na koti la kung'aa, ndani ya ile chaki asingeonekana. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki. Asilimia 92 ya vifo hivyo viko katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Hawa wote tukisema ni wazembe, tutakuwa tumewazika mara mbili.

Sheria yetu mama ya usalama barabarani ni ya mwaka 1973. Imeguswa hapa na pale, lakini ilitungwa wakati malori yalikuwa na utingo, na waliotunga hawakuwa na sababu ya kuandika nani ataangalia kushoto. Aliyeangalia alikuwepo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nimemaliza maneno, bado kitendo. Lori liko nje, upande wa pili wa geti. Nimeliazima kwa mteja, ni kichwa na tela, halijaongezewa chochote. Chini nimechora chaki kama siku ile, na kijana wangu amesimama ndani yake na Phoenix ya marehemu, ambayo familia yake imetuazima kwa shughuli hii. Nimeweka ngazi mlangoni. Naomba wewe upande wa kwanza, ukae kwenye usukani, halafu utuambie sisi tuliobaki chini kama unamwona.